Wimbo Unaojibiwa: Mbongeni Ngema kati ya Gita na Jukwaa

Utangulizi

Wapenzi wengi wa sanaa nchini Kenya walizijua nyimbo za Mbongeni Ngema kabla ya kulijua jina lake. Waliitazama filamu ya Sarafina! iliyotolewa mwaka wa 1992, wakaimba pamoja na wanafunzi wa Soweto maneno ya Kizulu ambayo aghalabu hawakuyaelewa, na wakaamini kwamba wameielewa hadithi yenyewe. Imani hiyo haikuwa ya bure. Nyimbo zile zilitungwa kwa namna ambayo hata asiyejua lugha angetambua ni nani anayelia, ni nani anayetisha na ni nani anayetumaini.

Ngema alifariki tarehe 27 Desemba 2023 kutokana na ajali ya barabarani katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, alipokuwa akirejea kutoka mazishini. Alikuwa na umri wa miaka 68. Waliomwomboleza walimkumbuka kwa njia mbili zinazokinzana. Kwa wengine alikuwa mtunzi aliyeupa ulimwengu sauti ya vijana wa mwaka wa 1976. Kwa wengine alikuwa mwimbaji ambaye mnamo mwaka wa 2002 alitoa wimbo uliowatia hofu majirani zake wenye asili ya Kihindi. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na zote zinamhusu mtu mmoja aliyekuwa na kipaji kilekile.

Makala haya yanaichunguza kazi ya Ngema kama mwimbaji na mtunzi wa nyimbo ambaye pia alitunga kwa ajili ya jukwaa. Hoja kuu ni kwamba wimbo wa jukwaani na wimbo wa santuri ni tungo mbili tofauti hata pale zinapotoka kwa mtunzi mmoja. Wimbo wa jukwaani hukaa katika kinywa cha mhusika, na ndani ya mchezo wenyewe pana anayeusikia na kuujibu. Wimbo wa santuri hauna mjibu. Tofauti hiyo inatusaidia kueleza fahari ya kazi ya Ngema pamoja na doa lake.

Malezi ya Kisanaa

Ngema alizaliwa mwaka wa 1955 huko Verulam, kaskazini mwa jiji la Durban. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umekwisha kushika hatamu tangu mwaka wa 1948. Alianza sanaa kama mpiga gita, na ni kupitia gita ndipo alipojipata katika michezo ya kuigiza, kwani vikundi vya maigizo vya mitaa ya Waafrika vilihitaji wanamuziki sawa na vilivyohitaji waigizaji.

Michezo hiyo ilikuwa na historia yake. Mwaka wa 1959, King Kong, mchezo wa nyimbo ambao muziki wake ulitungwa na Todd Matshikiza, ulionyeshwa Johannesburg na baadaye ukapelekwa London. Miongoni mwa walioshiriki walikuwemo Miriam Makeba na kijana mpiga tarumbeta, Hugh Masekela. Baada ya hapo Gibson Kente alijenga utaratibu wa kuzungusha michezo katika kumbi za mitaa ya Waafrika nchini kote. Michezo ya Kente ilichanganya nyimbo za kanisani, muziki wa jazi, dansi na vichekesho, na hadhira ilishangilia, ililia na kujibu kwa sauti. Ngema aliingia katika kundi la Kente mwishoni mwa miaka ya 1970. Humo ndimo alimokutana na Percy Mtwa, mwigizaji ambaye wangeshirikiana naye katika kazi iliyowatoa wote wawili.

Kwa Kente, Ngema alijifunza jambo moja la msingi: katika mchezo, wimbo ni tendo. Hauji kuipumzisha hadhira baina ya maonyesho mawili. Mhusika huimba pale maneno ya kawaida yanapokuwa yameshindwa kuubeba mzigo wa hali aliyomo. Akimaliza kuimba, lazima hali hiyo iwe imebadilika.

Woza Albert!: Ala Zilizo Kinywani

Mwaka wa 1981, Ngema na Mtwa, wakishirikiana na mwelekezi Barney Simon, walitoa Woza Albert! katika ukumbi wa Market Theatre mjini Johannesburg. Woza ni "njoo" kwa Kizulu, na Albert anayeitwa ni Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960 na kufariki mwaka wa 1967. Mchezo unauliza: je, Yesu Kristo angerudi duniani na kushukia Afrika Kusini ya ubaguzi, ingekuwaje?

Waigizaji ni wawili tu. Wanaigiza wachuuzi, wafungwa, askari, vinyozi na vibarua. Wanapoigiza Wazungu huvaa puani nusu ya mpira wa tenisi ya mezani uliopakwa rangi ya waridi. Hakuna mapambo ya jukwaa yenye gharama. Wasanii hawa walikuwa wameyasoma mawazo ya Jerzy Grotowski wa Poland na Peter Brook wa Uingereza, ambao waliona kuwa mwili na sauti ya mwigizaji vinatosha kuujenga ulimwengu mzima mbele ya hadhira. Hata hivyo, yeyote aliyekulia mahali pa kutambia ngano hangehitaji kufunzwa hilo na Mzungu. Fanani wa fasihi simulizi hufanya hivyo kila jioni.

Umuhimu wa mchezo huu kwa mtunzi wa muziki unaonekana tangu mwanzo. Waigizaji wanaingia na kuwa bendi ya jazi, lakini ala zote zimo vinywani mwao. Hapa Ngema mpiga gita ameliweka gita kando na kugundua kwamba muziki wa jukwaani hauanzi na ala. Unaanza na mtu aliye katika hali fulani. Mwishoni wahusika wanafika makaburini na kuwaita mashujaa waliokufa wafufuke, mmoja baada ya mwingine, akiwemo Luthuli. Mwito huo una muundo wa wimbo wa kuitikiana: anayeita, na anayetarajiwa kuitika. Mchezo huu ulizunguka Ulaya na Marekani na kuwapatia watunzi wake sifa kubwa.

Asinamali!: Lalamiko Lenye Wasikilizaji

Baada ya hapo Ngema aliunda kundi lake, Committed Artists, na akatunga Asinamali! Mwanafunzi wa isimu atalifurahia jina hili, kwani halihitaji mkalimani: kiambishi cha ukanushi, cha nafsi, kiunganishi na, kisha mali. "Hatuna pesa." Lilikuwa kauli ya wakazi wa mtaa wa Lamontville, Durban, waliokataa nyongeza ya kodi ya nyumba. Msizi Dube, diwani aliyewaongoza, aliuawa mwaka wa 1983.

Mchezo unawaweka wafungwa watano katika seli moja. Kila mmoja anasimulia kilichomfikisha jela, na si wote waliofungwa kwa sababu ya siasa. Hapa ndipo mbinu ya Ngema inapokomaa. Mmoja anapolalamika, wenzake wanne hawakai kama mawe. Wanaigiza wahusika wa kisa chake, wanamcheka, wanambishia, kisha wanauingia wimbo pamoja naye. Lalamiko la mtu mmoja linapimwa kwanza na wenzake kabla ya kufanywa wimbo wa wote. Kwa istilahi za uhakiki wa ushairi, nafsineni anageuka kutoka "mimi" na kuwa "sisi", lakini "sisi" hiyo haipatikani bure. Inajadiliwa mbele ya macho yetu. Mchezo huo ulipofika Broadway, New York, mwaka wa 1987, Ngema aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa uelekezaji.

Katika miaka hiyohiyo ya katikati ya 1980, Ngema aliendelea kuwa mwimbaji wa santuri. Stimela Sasezola, yaani treni ya Zola, mtaa mmojawapo wa Soweto, ilivuma sana. Kwa hiyo alikuwa na majukwaa mawili kwa wakati mmoja: studio na ukumbi. Umma ulimpenda katika yote mawili, na huenda ndiyo sababu haikuwa rahisi kwake wala kwa mashabiki wake kuuona mpaka uliopo kati ya hayo mawili.

Sarafina!: Wimbo Unapokuwa Darasa

Sarafina! ilionyeshwa mara ya kwanza katika Market Theatre mnamo Juni 1987. Nyimbo zilitungwa na Ngema pamoja na Hugh Masekela, aliyekuwa uhamishoni tangu mwaka wa 1960. Mchezo unawahusu wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto, ambako kumbukumbu ya tarehe 16 Juni 1976 haijafutika. Siku hiyo wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi. Katika mchezo, wanafunzi hao wanaandaa onyesho la shule kuhusu kufunguliwa kwa Nelson Mandela, ambaye wakati huo bado alikuwa kifungoni.

Muziki uliochaguliwa ni mbaqanga, mtindo uliositawi katika mitaa ya Waafrika tangu miaka ya 1960. Mbaqanga hujengwa juu ya mfuatano mfupi wa sauti unaorudiwarudiwa, huku gita la besi likiwa mbele na kiongozi akipokezana na waitikiaji. Mtindo huu unafaa jukwaani kwa sababu ya muundo wake. Kwa kuwa mzunguko ni mfupi na haukatiki, mhusika anaweza kuzungumza juu ya muziki, mwingine akamjibu, dansi ikaanza, kisha wote wakarejea katika kiitikio bila kuuvunja mchezo. Kadhalika, kiitikio huwaruhusu vijana ambao hawajasomea muziki kuimba kwa nguvu na kwa usahihi. Waigizaji wengi wa Ngema walikuwa vijana wa aina hiyo, waliokusanywa kutoka mitaani na kufunzwa naye kwa miezi mingi.

Mwishoni mwa mwaka wa 1987 mchezo ulipelekwa New York katika jumba la Lincoln Center. Mnamo Januari 1988 ulihamia Broadway, ukaonyeshwa mara 597 hadi Julai 1990, na kuteuliwa kuwania tuzo tano za Tony, ukiwemo uteuzi wa mwigizaji mkuu, Leleti Khumalo. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba furaha ya dansi iliyafunika machungu ya historia, na kwamba watazamaji wa New York walitoka wakiwa wamechangamka zaidi ya walivyosikitika. Malalamiko hayo yana uzito. Hata hivyo, yanasahau kwamba katika mazishi na maandamano ya Afrika Kusini ya miaka ile, watu waliimba na kucheza wakiwa na majonzi. Wimbo haukuwa kinyume cha machungu; ulikuwa njia ya kuyabeba.

Filamu ya mwaka wa 1992, iliyoelekezwa na Darrell James Roodt, inatoa ushahidi mzito zaidi wa hoja ya makala haya. Ndani yake, wanafunzi wenye hasira wanamchoma moto Konstebo Sabela, askari Mwafrika anayewatumikia wakandamizaji. Sarafina anaguswa na kitendo hicho na hatimaye anakataa kuishi kwa chuki. Aliyemwigiza Sabela ni Ngema mwenyewe. Mtunzi aliyewapa vijana nyimbo za hasira alivaa sare ya adui yao, akaomba kuhurumiwa kwa mdomo wake, akafa mikononi mwao. Tamthilia ilimlazimu aisikie hasira ile kutoka upande wa anayechomwa.

Mgema Akisifiwa

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii inamwandama Ngema baada ya ushindi wake, na si kwa sababu ya mfanano wa sauti za jina peke yake. Mwaka wa 1990 alitoa Township Fever, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka wa 1987, lakini haikufikia umaarufu wa Sarafina! Kisha uhuru ukaja mwaka wa 1994, na Wizara ya Afya ya serikali mpya ikampa kazi ya kutunga mchezo wa kuelimisha umma juu ya UKIMWI, Sarafina 2. Mkataba ulikuwa wa zaidi ya randi milioni 14. Kelele zilizuka bungeni na magazetini kuhusu gharama hiyo na kuhusu ujumbe ambao wataalamu waliuona kuwa haueleweki vyema. Mwaka wa 1996, Mlinzi wa Umma, Selby Baqwa, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba taratibu za zabuni hazikufuatwa ipasavyo, na mradi ukasimamishwa.

Funzo la kisanaa ni kwamba jukwaa haliufanyi wimbo kuwa bora kwa muujiza. Katika Asinamali! wahusika walikuwa na hoja za kupingana. Mchezo unaoagizwa ili kupitisha ujumbe mmoja huelekea kuwanyima wahusika nafasi hiyo, na jukwaa lisilo na mabishano linakaribia kuwa kipaza sauti tu.

AmaNdiya: Wimbo Usio na Mjibu

Mwaka wa 2002 Ngema alitoa AmaNdiya, yaani Wahindi. Ili kuelewa uzito wake yafaa kukumbuka kwamba Wahindi walianza kuletwa Natal mwaka wa 1860 kama vibarua wa mkataba katika mashamba ya miwa. Wengine walifuata kama wafanyabiashara. Utawala wa ubaguzi uliwaweka ngazi moja juu ya Waafrika na kuwagawa kwa makusudi. Mnamo Januari 1949 ghasia kati ya Waafrika na Wahindi ziliwaua watu 142 mjini Durban. Verulam, mahali alipozaliwa Ngema, ni mji ambao Wahindi wamekuwa sehemu yake kubwa kwa vizazi vingi. Hakuwa akiimba kuhusu watu wa mbali.

Wimbo huo uliwashutumu Wahindi kwa kuwanyonya na kuwadharau Wazulu, na ukawalaumu wanasiasa kwa kunyamaza. Tume ya Malalamiko ya Utangazaji ya Afrika Kusini iliamua kwamba ulikuwa wimbo wa chuki. Ngema alitakiwa kuomba radhi, Mandela akiwa miongoni mwa waliomtaka afanye hivyo, naye akakataa. Alijitetea kwamba alikusudia kuanzisha mjadala juu ya manung'uniko ambayo watu walikuwa nayo tayari.

Utetezi huo haupaswi kupuuzwa. Katika jadi ya Wazulu, imbongi, yaani malenga wa sifo, ana idhini ya kumwambia mfalme mambo ambayo wengine hawathubutu kuyasema. Pia ni kweli kwamba umaskini wa wengi katika KwaZulu-Natal haukuisha siku ya uchaguzi wa 1994. Lakini imbongi husimama mbele ya yule anayemkosoa, na anayekosolewa ni mwenye nguvu. Katika AmaNdiya, nafsinenewa ni Wazulu. Wahindi wanasemwa, hawasemeshwi. Hakuna mwenye duka anayesimama kusimulia babu yake alivyofika kwenye shamba la miwa, wala jirani wa Verulam anayeuliza yeye ametenda nini. Hakuna Sabela. Mjadala ambao Ngema alisema anauanzisha hauwezi kuanzia mahali ambapo upande mmoja haupo.

Lau maneno yayo hayo yangewekwa katika kinywa cha mfungwa wa sita wa Asinamali!, wenzake wangemcheka, wangembishia, pengine wangekubaliana naye kwa sehemu, na hadhira ingetoka na swali. Redioni yalisikika kama hukumu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuliona jambo hili kuwa la wengine. Waasia walifukuzwa Uganda mwaka wa 1972. Nchini Kenya, Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilizitaja stesheni za redio za lugha za kienyeji miongoni mwa zilizochochea uhasama, na mwaka wa 2008 Bunge lilipitisha sheria iliyoharamisha matamshi ya chuki. Wimbo wa lugha ya mama una nguvu kwa kuwa unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Nguvu hiyo ndiyo iliyoipa Sarafina! uhai, na ndiyo iliyoifanya AmaNdiya itishe.

Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kazi ya Mbongeni Ngema kuanzia gita la mtaani hadi Broadway, na kutoka Broadway hadi kwenye uamuzi wa tume ya utangazaji. Imedhihirika kwamba ubora wake ulitokana kwa kiasi kikubwa na jukwaa kumlazimisha amgawie kila mhusika sauti, hata adui. Pale alipouimba uchungu wa watu wake bila ya kumpa mwingine nafasi ya kujibu, kipaji kilekile kilimgeukia.

Kuna jambo la kuzingatiwa pia na wanafunzi wa Kiswahili. Tunapohakiki tamthilia, nyimbo zilizomo mara nyingi huorodheshwa chini ya fani kana kwamba ni mapambo, kisha uchambuzi ukaendelea na maudhui. Mfano wa Ngema unatudai maswali zaidi ya hayo. Wimbo huu unaimbwa na nani, na ni nani aliyepo akiusikia? Je, baada ya kuimbwa, amejibu nini? Mhakiki anayeyauliza maswali hayo ataielewa tamthilia vyema zaidi, na atakuwa na kipimo cha kuchukua nje ya ukumbi pia, kila anaposikia wimbo unaowataja watu wasiokuwepo.